Pasta wetu kahamishwa na nani? Namna kanisa kubwa la Kibaptisti lilivyojengeka Goma

Siku orodha ya uhamisho wa wachungaji inaposomwa, kwenye mabenchi ya nyuma husikika mnong'ono uleule: "Sisi si Wabaptisti? Mbaptisti si anajichagulia pasta wake? Sasa huyu wa kwetu kahamishwa na nani?" Anayeuliza hajakosea kitu. Amejifunza kidogo historia ya dhehebu lake, ameangalia kwenye simu ibada za makanisa makubwa ya Kibaptisti ya Marekani, ambako mchungaji mmoja hukaa mimbari moja miaka thelathini au arobaini, halafu anaona ya Goma hayafanani na hayo. Jibu lake linapitia London, Lubero, Kinshasa na ofisi ya ardhi. Asiyelifuata lote huishia kudhani kuna mtu aliyeiba madaraka mahali fulani.

Kwanza ukubwa. Watafiti wa Marekani wameweka kipimo: kanisa la Kiprotestanti huhesabiwa kuwa kubwa hasa likipata wastani wa watu 2,000 au zaidi kwa wiki katika kusanyiko moja. Kwa Goma kipimo hicho si kirefu. Parokia yenye ukumbi wa watu 800 na ibada tatu zilizojaa kila Jumapili imeshakipita. Lakini kipimo hicho huhesabu vichwa tu. Hakisemi nani mwenye jengo, nani anamlipa mchungaji, wala nani anaweza kumwondoa, na hapo ndipo njia zinapoachana.

Kusanyiko ndilo lenye neno

Wabaptisti wa kwanza walikuwa wakimbizi. Mwaka 1609, Mwingereza John Smyth, aliyekuwa amekimbilia Amsterdam, alijibatiza mwenyewe kisha akawabatiza wenzake. (Ubatizo ule ulikuwa wa kumiminiwa maji. Kuzamishwa mwili mzima, ambako leo tunakuona ndiyo alama yenyewe ya Ubaptisti, kulikuja kuwa desturi yao yapata miaka thelathini baadaye.) Mwenzake Thomas Helwys alirudi Uingereza mwaka 1612, akafungua kanisa Spitalfields, London, na kumwandikia mfalme kwamba yeye ni mtu wa kufa, si Mungu, na hana amri juu ya roho za raia wake. Alifungwa gereza la Newgate na kufia humo.

Kutoka kwao yalibaki mambo matatu: anabatizwa yule anayeamini mwenyewe, kila kusanyiko hujiamulia mambo yake, serikali isiingize mkono kanisani, wala kanisa lisinyooshe mkono serikalini. La tatu tuliweke kando kidogo, maana ndilo lililokuja kuwasha moto Kivu.

La pili linaonekana wazi kwa Charles Spurgeon. Mwaka 1854, akiwa na miaka 19, aliitwa kuchunga kusanyiko la New Park Street, kusini mwa London. Walioamua ni washiriki wenyewe, hakukuwa na askofu wa kutuma barua. Jengo likawa dogo haraka, ikabidi wakodi kumbi za muziki. Mwaka 1861 wakafungua Metropolitan Tabernacle, jengo la viti kama 5,000 na nafasi ya wengine wengi kusimama, na walilifungua bila deni. Kandokando yake kulikuwa na chuo cha wachungaji kilichoanza 1856 na nyumba ya yatima ya Stockwell, ambayo mwaka 1867 ilianza na pauni 20,000 za mjane mmoja. Kisha mwaka 1887 Spurgeon akagombana na Muungano wa Wabaptisti wa Uingereza juu ya mafundisho, akajitoa. Yatima hawakuhama, chuo hakikufungwa, hakuna aliyekuja kudai funguo, kwa sababu hakuna hata tofali lililokuwa la Muungano.

Mfano wa karibu zaidi ni Saddleback ya California, iliyoanzishwa na Rick Warren mwaka 1980. Wengi wa Goma wanaijua kwa sababu ya mpango wake wa PEACE, ulioingia Rwanda kuanzia 2005, hapa tu ng'ambo ya mpaka. Mwaka 2023 shirikisho la Wabaptisti wa Kusini mwa Marekani liliitoa Saddleback kwenye orodha yake, kwa sababu ilikuwa imempa mwanamke kazi ya uchungaji. Jumapili iliyofuata ibada ziliendelea kama kawaida. Shirikisho lile lina uwezo wa kufuta jina, basi. Kumhamisha mchungaji wa Saddleback haliwezi, kama vile jirani yako asivyoweza kumwachisha kazi mpishi wako.

Kivu haikuanzia Kinshasa

Kosa la kwanza katika kusimulia Wabaptisti wa Congo ni kuwapa baba mmoja. Wa magharibi wana asili yao: wamisionari wa Uingereza, akina George Grenfell na Thomas Comber, walioingia kupitia nchi ya Kongo mwaka 1878 na kupanda mto, na Wamarekani waliorithi mwaka 1884 kazi ya misheni nyingine ya huko chini. Simon Kimbangu, mwanzilishi wa Kanisa la Kimbangu, alitoka katika mazingira hayo kabla ya mwaka 1921. Jumuiya za Kibaptisti za CBFC na CBCO ni uzao wa upande huo.

Kivu ilipata Ubaptisti baadaye na kwa mlango wa mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1920, misheni ndogo ya Kimarekani ya ukoo wa Hurlburt ilipiga kambi kwenye vilima vya baridi vya Lubero, Kitsombiro kwanza, kisha Katwa karibu na Butembo. Rwanguba ya Rutshuru ni kituo cha mfululizo huohuo. Miaka ya 1940 kazi ikakabidhiwa kwa shirika la Wabaptisti wahafidhina wa Marekani, lililoundwa mwaka 1943 na watu walioona kwamba misheni yao ya zamani imelegea katika mafundisho. Kwa hiyo waliokuja Kivu ndio waliokuwa wakali kuliko wote juu ya lile jambo la tatu: serikali kando, kanisa kando.

Baada ya Vita ya Pili ya Dunia serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliwafungulia Waprotestanti ruzuku za shule ambazo hadi hapo zilikuwa zikienda kwa Wakatoliki. Wamisionari wa Kivu walikataa. Kwao pesa ya serikali ilikuwa kamba shingoni mwa kanisa. Wakristo wao waliona jambo lingine kabisa: shule ya padri ng'ambo ya kilima ina madarasa, ina walimu wanaolipwa, ina cheti kinachofungua kazi ya ofisini. Mzazi wa Lubero hakuwa na ugomvi na Thomas Helwys. Alikuwa na mtoto asiye na diploma.

Manung'uniko hayo yalilimbikizana, na baada ya Uhuru wa 1960 yakapasuka kuwa mgogoro wa uongozi, mali na shule kati ya waliotaka kushika mambo yao wenyewe na waliobaki na wamisionari. Matokeo yake ni jumuiya mbili zilizopo mpaka leo: CBK, ambayo baadaye ilibadili jina ikawa CBCA, Jumuiya ya Kibaptisti Katikati mwa Afrika, yenye makao makuu Goma, na CEBCE, jumuiya nyingine ya Kibaptisti ya mashariki mwa Congo. Hapa ndipo penye fundo la makala hii. Kanisa la Kibaptisti la Kivu lilijitenga na wamisionari wake likitaka kitu ambacho nadharia ya Kibaptisti haikukipenda: ofisi moja yenye nguvu, inayoweza kuketi na serikali na kutia sahihi.

Sheria ilimaliza kazi

Sahihi hiyo ilipata uzito wa kisheria chini ya Mobutu. Mwaka 1970 misheni na makanisa ya Kiprotestanti yaliunganishwa kuwa Kanisa la Kristo nchini, ECC. Sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 ikatambua makanisa makubwa ya Kikristo matatu tu: Katoliki, Kimbangu na hilo la Kiprotestanti lililounganishwa. Aliyekuwa nje ya ECC hakuwa na pa kusimama. Ndiyo maana jumuiya zetu huitwa kwa namba: 3e CBCA, 5e CELPA, 8e CEPAC. Kwa karatasi, kanisa ni ECC, na hao wengine ni jumuiya ndani yake. Leo msingi ni sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 kuhusu mashirika yasiyo ya faida, pamoja na yale ya kidini. Nayo pia inataka utu wa kisheria, viongozi waliotangazwa, na mtu wa kujibu kwa jina la shirika.

Mtu huyo ni mwakilishi wa kisheria. Katika jumuiya kama CBCA, yeye ndiye rais wa jumuiya. Chini yake kuna maposti, yaani makundi ya parokia, chini ya posti kuna parokia, chini ya parokia makanisa ya mtaa, na chini kabisa vikundi vya maombi vya avenyu. Parokia yako ya kartye, hata iwe na watu 3,000 na kwaya saba, mbele ya serikali haina uhai wake peke yake. Haiwezi kushtaki, haiwezi kufungua shule kwa jina lake, haiwezi kuwa na kiwanja chake. Mchungaji wake ni mtumishi wa jumuiya nzima aliyetumwa pale. Kwa hiyo jibu la ule mnong'ono wa nyuma ni kwamba pasta kahamishwa na mwajiri wake, na mwajiri wake hajawahi kuwa parokia.

Uhamisho huu una faida ambazo wanaolia siku ile huzisahau. Parokia za mjini zina sadaka, za vijijini zina mahitaji; bila mkono wa juu, wachungaji wenye elimu wote wangelala Himbi na Katindo, na Masisi ingebaki na wasomaji wa Biblia tu. Pia katika mkoa ambako lugha ya nyumbani ya mtu inaweza kumletea shida njiani, mchungaji anayepita kila baada ya miaka michache huzuia parokia isigeuke kuwa mali ya ukoo. Hasara yake nayo ipo: mchungaji anayejua ataondoka hujenga kitu kinachoonekana haraka, jukwaa, spika, geti la chuma, na kuacha darasa la ubatizo likiendeshwa na yeyote aliyepo.

Kusanyiko halikunyang'anywa kila kitu. Bado ndilo linalochagua mashemasi na wazee, linalokubali nani abatizwe na nani arudishwe mezani pa Bwana baada ya adhabu, linalopitisha bajeti ya parokia, na linalotuma wajumbe kwenye mikutano ya juu ambako viongozi hupigiwa kura. Mbaptisti wa Goma anapiga kura kama wa London. Tofauti ni kwamba kura yake hupanda ngazi kadhaa kabla ya kumgusa pasta.

Shule na hospitali: nani analipa nini

Watu wengi hudhani huduma kubwa za kanisa hulishwa na kapu la Jumapili. Sivyo, na kutolielewa hili huzaa lawama nyingi zisizo na msingi.

Shule za kanisa zilitaifishwa mwaka 1974, zikarudishwa kwa mkataba wa tarehe 26 Februari 1977 kati ya serikali na makanisa. Tangu hapo shule "konvansyone" ina mabwana wawili. Serikali inaleta programu ya masomo, wakaguzi, mtihani wa taifa na mishahara. Kanisa linaleta kiwanja, jengo, mkuu wa shule na usimamizi wa kila siku kupitia ofisi ya uratibu. Jambo ambalo wamisionari wa Kivu walilikataa kwa nguvu zote ndilo leo linaloendesha shule za Waprotestanti mkoa mzima.

Linalokwenda kombo hapo ni karatasi. Parokia hujenga madarasa sita ya mbao, hukusanya watoto, hutafuta walimu, kisha ndipo huanza kutafuta kibali cha serikali. Kibali kikija, walimu bado hawajaingia kwenye orodha ya malipo. Wanaitwa "NU" (kifupi cha Kifaransa cha wafanyakazi wapya), na mwalimu anaweza kufundisha miaka bila "kumekanizwa", yaani kuingizwa kwenye orodha hiyo. Zamani pengo hilo lilizibwa na malipo ya wazazi. Elimu ya msingi ilipofanywa bure kuanzia Septemba 2019, malipo hayo yakakatazwa, na wa kwanza kuumia walikuwa walimu wa NU. Utaratibu salama ni kinyume cha ule wa kawaida: kibali kwanza, orodha ya walimu ipelekwe pamoja na faili hilohilo, ukuta mwisho.

Hospitali zina hesabu nyingine. Tangu mradi wa afya vijijini wa SANRU wa 1981, ulioendeshwa na ECC, hospitali nyingi za misheni ziliingizwa katika mfumo wa zoni za afya za serikali. Hospitali ya CBCA Virunga au ya CBCA Ndosho hapa Goma ina jengo na uongozi wa kanisa, lakini inafuata taratibu za zoni, na pesa yake kubwa hutoka kwa malipo ya wagonjwa na kwa washirika wafadhili. Ndosho ndiyo inayojulikana zaidi nje: tangu 2012 timu za upasuaji za Msalaba Mwekundu wa Kimataifa zimekuwa zikifanya kazi humo, na vita ilipofika mjini Januari 2025, majeruhi wa risasi na vipande vya mabomu walijaa mpaka kwenye mahema na korido.

Mgonjwa anayefika na jeraha la risasi hutibiwa bure kwa sababu mshirika analipa. Anayefika siku hiyohiyo kwa upasuaji wa kuzaa huombwa "kosyo", pesa ya dhamana, mlangoni. Ndugu zake wanaona dhuluma, kitanda kimoja bure, kingine pesa, chini ya msalaba uleule. Kisheria na kihesabu ni mikoba miwili tofauti, na aliye mlangoni hana ruhusa ya kuchota mmoja kujazia mwingine. Kanisa linaweza kuwa na mfuko wa wasiojiweza, na parokia zenye busara zinao. Lakini mfuko huo ndio wa kwanza kukauka mji unapofungwa. Mshirika akiondoka, hospitali hubaki na wafanyakazi waliozoea posho na wagonjwa waliozoea bure. Ni afadhali kuwaambia watu mapema tarehe mradi utakapoisha kuliko kubandika tangazo siku yenyewe.

Chuo kikuu cha ULPGL, kilichoanza Goma mwaka 1985, ni cha jumuiya kadhaa za Kiprotestanti kwa pamoja, si cha Wabaptisti peke yao, ingawa mjini wengi hukihesabu hivyo.

Jumapili kwa karibu

Ibada tatu katika ukumbi mmoja ni kazi ya saa na milango. Chukua ukumbi wa watu 1,200. Benchi la mita nne hukaa watu wanane kwa raha, tisa wakibanana. Wa kumi ni mtoto mapajani. Ibada ya kwanza ikimalizika saa tatu na ya pili kuanza tatu na nusu, una nusu saa ya kuwatoa 1,200 na kuwaingiza 1,200 wengine ambao tayari wamesimama uani. Kwa mwendo wa utulivu, mlango wa upana wa mita moja hupitisha watu kama 40 kwa dakika. Milango mitatu ya mita moja na nusu huutoa ukumbi wote kwa dakika saba hivi. Fungua mmoja tu na ufunge miwili "kwa ajili ya usalama", utahitaji dakika ishirini, na wanaoingia watakutana kifua kwa kifua na wanaotoka.

Hili si la kudharau. Tarehe 19 Oktoba 1856, Spurgeon akihubiri kwenye ukumbi wa Surrey Gardens uliofurika maelfu, mtu alipiga kelele "moto!" Moto haukuwepo. Watu saba walikufa kwa kukanyagana. Goma ina sababu nyingi zaidi za kelele ya ghafla kuliko London ya wakati ule. Milango ifunguke kwenda nje. Geti la uani lisiachwe tundu la mtu mmoja. Mabenchi ya plastiki ya ziada yasiwekwe kwenye njia ya katikati. Na mashemasi wanne wawe na kazi moja tu, milango, hata wakati wa sala watu wanapofumba macho.

Ubatizo nao una hesabu zake. Pwani ya ziwa Kivu ni bure na inapendeza, lakini kipindupindu huja na kurudi, na maji yale hayapaswi kunywewa hata kwa bahati mbaya. Parokia nyingi zingependa bwawa lao. Kuchimba kwenye mawe meusi ya volkano ni adhabu, kwa hiyo bwawa hujengwa juu ya ardhi, na ngazi pande mbili, ya kushukia na ya kutokea. Bwawa la mita tatu kwa mbili, likijazwa maji ya kina cha mita moja na sentimita kumi, humeza lita 6,600, yaani bidoni 330 za lita ishirini. Kwenye kartye ambako maji yanabebwa kwa chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, hiyo ni gharama ya kuweka kwenye bajeti mwezi mmoja kabla. Watu wakibatizwa mara mbili kwa mwaka, maji ya bwawa yatumike kufua na kusafisha, si kumwagwa.

Kuna jambo moja ambalo wageni hawalijui. Upande wa magharibi wa mji na kwenye mabonde karibu na ziwa kuna mazuku, hewa nzito ya kaboni inayotoka ardhini na kutuama kwenye mashimo, hasa usiku na alfajiri kusipokuwa na upepo. Bwawa tupu lililochimbwa chini ya usawa wa ardhi ni kikombe cha kuikusanyia. Mtoto au fundi anayeteremka alfajiri kulisugua anaweza asipande tena. Hii ni sababu ya pili ya kujenga juu, na kama shimo lipo tayari, lifunikwe, na kazi ifanywe mchana upepo unapovuma.

Kubatiza kwenyewe ni rahisi kwa anayejua. Mbatizwa hukunja mikono kifuani. Mchungaji humshika kwa mkono mmoja mgongoni kati ya mabega, mwingine juu ya mikono iliyokunjwa. Mbatizwa hukunja magoti kidogo na kulazwa kinyumenyume. Magoti yakikazwa, miguu huteleza na mtu mzima wa kilo tisini humvuta mchungaji chini pamoja naye. Wawili wakisimama majini, hilo halitokei. Kanzu nyeupe nyepesi zishonewe vitu vizito kwenye pindo la chini ili zisielee. Mama yeyote aliyewahi kubatizwa atakwambia kwa nini.

Kiwanja, kapu na namba ya simu

Lava ya mlima Nyiragongo iliposhuka tarehe 17 Januari 2002, ilikata mji, ikameza sehemu kubwa ya katikati pamoja na kanisa kuu la Kikatoliki, na kuzika vigingi vya mipaka. Walioweza kurudi juu ya mwamba uliopoa na kusema "hapa ni petu" ni waliokuwa na karatasi mahali pengine. Mwaka 2021, tarehe 22 Mei, mlima ulitema tena, lava ikasimama pembezoni mwa mji. Siku chache baadaye sehemu ya mji ikaamriwa kuhama, na watu wakaondoka kuelekea Sake, Rutshuru, Gisenyi na kwa mashua mpaka Bukavu. Parokia iliyokuwa na nakala za hati zake makao makuu haikupoteza usingizi kwa hilo.

Kwa sheria ya ardhi ya 1973, udongo ni wa serikali. Raia wa Congo hupewa haki ya kudumu, lakini shirika, na kanisa ni shirika, hupewa haki ya muda usiozidi miaka 25, inayoweza kufanywa upya. Hapo ndipo mtego ulipo. Parokia mpya hununua kiwanja kwa sadaka za miaka mitatu. Kupitia jumuiya ni safari ndefu ya mihuri, na mtu ofisini anashauri: "Andikeni jina la pasta, ni haraka, tena ni haki ya kudumu." Wanaandika. Setifika, hati ya kiwanja, ikishatimiza miaka miwili bila kupingwa, karibu hakuna tena mahakama ya kuitikisa. Pasta anahamishwa, au anafariki, na watoto wake wanafika na hati halali juu ya jengo ambalo wamama wa kanisa walilibebea mawe. Hapo hakuna mwizi. Kuna jina lisilo mahali pake. Hati iwe kwa jina la jumuiya tangu siku ya kwanza, na tarehe ya kuifanya upya iandikwe kwenye daftari la parokia, si kichwani mwa karani.

Kapu lina utaratibu wake. Wanahesabu watatu au zaidi, wasio ndugu, mezani palepale kabla ya mtu kutoka. Hutenga mafungu: faranga, dola nzima, na dola zilizochanika. Fungu la tatu si dogo. Noti yenye mpasuko wa kucha hukataliwa sokoni, na iliyokataliwa sokoni ina tabia ya kukumbuka Mungu Jumapili. Kambisti, mbadilisha fedha, huipokea kwa kukata, kwa hiyo ikiandikwa kwa thamani yake kamili, hesabu ya mwisho wa mwezi haitafunga na mhazini ataonekana mwizi. Iandikwe peke yake, na kiasi kilichopatikana kwa kambisti kiandikwe pembeni. Wakati wa mavuno, maharagwe, kabichi na kuku hupigwa mnada uani baada ya ibada. Bei huandikwa papo hapo na jina la mnunuzi, maana "nitaleta kesho" ya mnada wa kanisa ina watoto wengi. Kutoka jumla hiyo, parokia hutoa fungu lake kwa posti na makao makuu, ambalo ndilo mshahara wa pasta wa kijijini.

Benki za Goma zilifungwa mwishoni mwa Januari 2025, na pesa za kanisa zikahamia kwenye simu. Hapo lile kosa la kiwanja limerudi kwa umbo jipya: laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mmoja, mara nyingi mhazini, na pesa ya parokia yote inalala kwenye jina lake. Akifa, akikimbia, akiibiwa simu, mrithi wa pesa kwa kampuni ni ukoo wake. Penye uwezekano, laini iandikishwe kwa hati za jumuiya. Pasipowezekana, parokia zilizo makini huandika barua ya kukiri iliyosainiwa na mwenye laini na mashahidi wawili, hupeleka nakala posti, hutoa salio lote kila wiki kwenda kwenye matumizi au kwa posti, na simu hukaa kwa mhazini wakati namba ya siri iko kwa shemasi anayeishi avenyu nyingine.